Rafu ya Nne kutoka Mlangoni

Songoro hakuwa na saa. Hakuwa na mke tena, wala mtoto wa kumwita baba, wala ndugu wa kununiana naye siku za sikukuu. Hakuwa na jino moja la mbele, lililochukuliwa na chuma cha nguzo katika mwaka ambao mji uliutaja kwa mabango yake tu, Mwaka wa Samaki wa Kijani. Hakuwa na cheti kikubwa. Alikuwa na kile cha darasa la jioni, alilolianza akiwa na miaka thelathini na minane, akikaa dawati moja na watu waliomwita babu kwa utani. Hakuwa na woga wa kwenda juu. Hakuwa na rafiki wa kumpunguzia maneno. Hakuwa na mazoea ya kuomba radhi. Na kwa miaka thelathini na mmoja aliyokuwa Msimamizi wa Mabango, hakuwa na kosa.

Hilo la mwisho ndilo alilolipenda. Wenzake walijivunia nyumba, ng'ombe, wajukuu. Yeye alijivunia kitu ambacho hakikuwepo, na alikitunza kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kitu kisichokuwepo hakina pa kufungiwa.

Mji ule haukuwa na kalenda. Ulikuwa na nguzo. Kila nguzo ya taa ilikuwa na vyuma viwili vilivyotokeza ubavuni, cha juu na cha chini, na kati yake lilinyooshwa bango la kitambaa lenye urefu wa mtu mzima. Bango ndilo lililosema ni wakati gani. Yakitundikwa ya mahindi ya manjano, watu walikwenda kuvuna hata kama mahindi yalikuwa machanga. Na mahindi, yalipoona watu wamekwisha kuja na vikapu, yalikomaa kwa aibu. Yakitundikwa ya ndege wawili, vijana walioana. Mtu akiulizwa umri hakutaja miaka, alisema, "Nilizaliwa kwenye mabango ya tausi, nikaoa kwenye ya taa saba." Hakuna aliyejua kipi kilitangulia, msimu au bango. Songoro aliwahi kulifikiria jambo hilo akiwa juu ya ngazi, akaamua kwamba swali kama hilo halimfai mtu aliye juu ya ngazi.

Kazi ilikuwa na desturi yake. Bango halikutundikwa likiwa wazi. Lilipandishwa limeviringishwa, likafungwa kwenye chuma cha juu kwa mafundo matatu, likaachwa hapo kama popo aliyelala, na ugwe wake ukateremshwa hadi usawa wa mkono. Nguzo zote za mtaa zikishakamilika, wenyeji walitoka, wakashika nyugwe, na kengele ya adhuhuri ilipolia wakavuta kwa pamoja. Mtaa mzima ukabadilika kwa pumzi moja. Kabla ya hapo, kuchungulia picha ilikuwa mwiko. Watundikaji walisema anayechungulia sikukuu kabla ya wakati amekula siku ya mwenzake. Hata Songoro hakuchungulia. Alichukua robota la mabango kwenye rafu yake ghalani, akaiamini rafu.

Sasa, ghala lilikuwa limetengenezwa. Mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa mashariki, na mafundi walipoujenga upya waliona heri mlango uwe upande huo, karibu na barabara. Ule wa magharibi wakauziba. Songoro aliusifu mlango mpya mbele ya mafundi. Akaingia nao. Akahesabu rafu kama alivyohesabu miaka yote, moja, mbili, tatu, nne, akatoa alilodhani ni robota la sikukuu ya Shukrani ya Mvua. Lakini rafu zilikuwa tisa, na hazikugeuka pamoja na mlango. Ya nne kutoka mlango mpya ilikuwa ya sita kutoka ule wa zamani.

Adhuhuri ile, katika Mtaa wa Wafinyanzi, watu walisimama chini ya nguzo arobaini na nne wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Ngoma ilikuwa imekwisha kupashwa moto. Kengele ikalia. Wakavuta.

Yakafunguka mabango meupe yenye ukingo wa rangi ya majivu. Mabango ya msiba. Na katikati ya kila moja, mahali ambapo jina la marehemu hutariziwa kwa uzi mweusi, palikuwa patupu.

Shambe, mbeba ngazi, mtu wa makamo aliyefanya kazi na Songoro kwa miaka ishirini, ndiye aliyesema kwanza. Alisema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa.

"Mzee. Kafa nani?"

"Hakuna."

"Mbona basi tumemtundika?"

Ngoma ilinyamaza. Jua lilirudi nyuma kidogo, likawa lile jua la msibani linaloangaza bila kupasha. Wanawake walifungua vilemba, wanaume walivua viatu. Hakuna aliyeuliza kama pametokea kosa. Neno hilo halikuwa na mahali pa kukaa mtaani pale. Walikaa chini wakalia, na kwa kuwa hawakujua wanamlilia nani, kila mmoja alilia kilio alichokuwa amekiweka siku nyingi.

Siku ya pili kilio kiliisha na hofu ikaanza. Patupu pale katikati ya mabango palikuwa panatazama, pakitafuta jina. Mwanamke mmoja alimwita mwanawe aje ale, akafika katikati ya jina, akaona ni salama zaidi kusema "wewe". Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema "wewe" na "yule". Walificha majina kama watu wanavyoficha nafaka, na jina lisipotumika hupoa. Wako waliojaribu kujiita kimyakimya chumbani na wasipate jibu.

Siku ya tatu Katibu wa Ofisi ya Mapambo, iliyoamuru mabango ya mji, alifika ghalani. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, na viatu vyake havikuwahi kuwa na vumbi.

"Shikamoo, Mzee Songoro."

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua jina."

"Jina la nani?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

"Bwana Katibu, Mtaa wa Wafinyanzi hakufa mtu. Siku ile mimi nili—"

"Usimalize," Katibu alisema kwa upole. "Ukimaliza, nitakuwa nimesikia."

Katibu alikung'uta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akakaa.

"Mabango yanaweza kuteremshwa," Songoro alisema.

"Yanaweza. Halafu watu watauliza, kama haya hayakuwa ya kweli, na ya mwaka jana je? Kuna watu wameoana kwa mabango yako, Mzee. Kuna waliozikwa. Unataka wote waamke waanze kuhesabu rafu?"

Songoro hakuwa amemtajia mtu habari za rafu.

Katibu alitoa karatasi na kuiweka mezani. Ilikuwa amri ya utarizi, imeandikwa tayari kwa maneno mazuri, isipokuwa mstari mmoja. "Jina la mkazi yeyote wa mtaa. Siku ya saba litatariziwa, nyumba yake itazibwa mlango kwa matofali kama desturi ilivyo, na mambo yataisha."

"Na mwenyewe akiwa ndani?"

"Aliyekufa hukaa wapi, Mzee?"

"Kwa nini niandike mimi?"

"Kwa sababu mji mzima hauna mwandiko unaoaminika kama wako."

Na hapa lazima tuseme kweli, ingawa inauma: Songoro alifurahi. Kwa kitambo kifupi, huku mtu asiye na hatia akingoja kujengewa ukuta, mzee yule alifurahia kusifiwa mwandiko.

Katibu alipoondoka, Songoro alibaki akitazama karatasi. Mawazo yalimjia vipandevipande, kama mtu anayepokezwa matofali na asiyemwona.

Kitu kikishatundikwa, bado kinahitaji kuwa kweli?

Mimi nilisoma. Nilijifunza kusoma wakati wenzangu wamekwenda kulala. Nilijifunza ili nisidanganywe. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini siku ambayo anayedanganya ni mkono wangu.

Hesabu ilikuwa sahihi. Moja, mbili, tatu, nne. Sikukosea kuhesabu. Nilikosea pa kuanzia.

Basi inawezekana mtu akawa sahihi katika kila hatua na akafika kwenye kaburi la mwingine.

Na wao, huko Ofisini, walianza kuhesabu kutoka mlango upi?

Siku ya nne habari za mstari ule mtupu zilikuwa zimeenea, na watu wa mtaa walianza kumjia, mmoja mmoja, kila mmoja akimtakia heri jirani yake.

"Mimi simwombei mtu mabaya," alisema mzee Chande, mfinyanzi wa mitungi, "lakini yule wa nyumba ya pili amekohoa tangu mabango ya tausi. Tungemrahisishia."

Huyo wa nyumba ya pili alifika baada ya nusu saa, akikohoa. "Chande amekula chumvi nyingi, Mzee. Hata mwenyewe analijua. Muulize ana hamu gani tena ya dunia, hatakujibu."

Jioni wenyeji walikutana wakakubaliana, kwa sababu woga huchoka na ukichoka hutafuta pa kukaa. Walimchagua Bi Mwajabu. Alikuwa mjane, hana mtoto, anakaa mwisho wa mtaa peke yake. Zaidi ya hayo vyungu vyake havikuwa vinapasuka, jambo ambalo lilikuwa limewachosha wenzake kwa miaka mingi. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Walianza tu kumpita kana kwamba hayupo.

Siku ya tano alipiga hodi ghalani.

"Karibu, Bi Mwajabu."

Mama yule alisimama mlangoni kama aliyesukumwa. "Umeniita jina."

"Si ndilo lako?"

"Siku tatu sasa sijalisikia." Aliingia akakaa juu ya robota. Mkononi alikuwa na donge la udongo mbichi lililofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. "Jirani yangu ananipikia. Anaweka sahani nje ya mlango, anageuza uso, anaondoka. Chakula kizuri kweli. Nilipokuwa hai hakuwahi kunipa hata chumvi."

"Bi Mwajabu..."

"Sikuja kulalamika. Matofali wanayachoma kwenye tanuri langu, si unajua lina moto mzuri. Wameomba radhi kwa moshi, lakini wameuomba ukuta. Nimekuja kwa habari ya uzi. Naomba nitariziwe kwa uzi wa mshono mnene. Ule mwembamba hupauka na jua kabla ya wiki mbili."

"Unataka kufa?"

"Sitaki. Lakini naona nimeshaanza, na mimi sipendi kazi ya nusu." Alifunua donge, akaliweka mezani juu ya karatasi ya Katibu. "Tazama."

Alibonyeza udongo kwa kidole gumba. Alibonyeza kwa nguvu, kama alivyobonyeza udongo maisha yake yote, mpaka ukucha ukawa mweupe. Alipoinua mkono, udongo ulikuwa laini vilevile. Hapakuwa na alama.

"Tangu asubuhi," alisema. "Miaka hamsini udongo umekuwa ukinijua."

Songoro alitazama donge lile. Mtu anaweza kubishana na Katibu. Anaweza hata kubishana na nafsi yake, na kushinda, kwa sababu nafsi hupenda kushindwa. Lakini udongo haubishani.

"Nilihesabu kutoka mlango mpya," alisema.

"Nini?"

Akamweleza. Ukuta wa mashariki, mafundi, rafu tisa, robota. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyotarajia. Miaka thelathini na mmoja ya kutokuwa na kosa ilikwisha kabla chai haijapoa.

"Kumbe nakufa kwa ajili ya rafu," Bi Mwajabu alisema. Kisha akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe peke yako."

"Na mimi ni maiti." Akachukua donge lake, akalifunika. "Basi bado hujamwambia mtu."

Siku ya sita Songoro aliandika barua. Ya kwanza ilijaa maneno makubwa ya darasa la jioni; aliisoma, akaona ni bango jingine, akaichana. Ya pili iliomba radhi kwa namna ambayo msomaji angemhurumia mwandishi na kumsahau mjane. Akaichana nayo. Ya tatu ilikuwa hivi:

*Kwa Ofisi ya Mapambo. Siku ya Shukrani ya Mvua niliingia ghalani kwa mlango mpya na kuhesabu rafu kwa hesabu ya mlango wa zamani. Nilitoa robota la msiba. Katika Mtaa wa Wafinyanzi hakufa mtu. Bi Mwajabu yu hai, nimezungumza naye. Mlango wake usizibwe. Mabango yote arobaini na manne yateremshwe. Kosa ni langu, si la Shambe wala la mtu mwingine. Na ikiwa kuna makosa mengine nyuma ya hili, basi yatafutwe.*

Ule mstari wa mwisho aliuongeza baada ya kuzunguka meza mara tatu. Alijua ndio utakaommaliza.

Alasiri alikwenda nayo mtaani, Shambe akimfuata na ngazi begani, maana Shambe hakuwa na mazoea ya kutembea mikono mitupu. Matofali yalikuwa yamepangwa mbele ya nyumba ya mwisho, bado yakitoa mvuke. Katibu alikuwa amesimama kivulini, ameshika sinia la uzi mweusi wa kesho. Songoro alisimama chini ya nguzo ya kwanza, akaisoma barua kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho.

Alitegemea mshangao. Labda alitegemea, ndani kabisa, mtu mmoja amwambie pole. Alichopata ni mnong'ono uliotambaa ukutani kama moto wa makuti.

"Unatunyang'anya maiti wetu?" mzee Chande aliuliza.

"Hakuna maiti, Chande."

"Tumekaa matanga siku sita."

Mwanamke mmoja alisogea mbele, macho yamevimba. "Mimi nimemlilia mama yangu hapa. Miaka yote sikupata nafasi ya kumlilia. Sasa wewe unakuja na rafu zako kuniambia nimelia bure."

"Hukulia bure, binti yangu. Ulimlilia mama yako. Lakini Bi Mwajabu si mama yako."

"Mlango mpya, mlango wa zamani," mwingine alisema, "tunajuaje kwamba leo hukukosea?"

Ndipo Songoro alipotambua kile ambacho Katibu alikijua tangu mwanzo. Watu hawakuwa wanamwogopa aliyewatundikia mabango. Walikuwa wanaogopa siku ambayo nguzo zingekuwa tupu, na kila mmoja akalazimika kusema mwenyewe ni wakati gani. Katibu hakusogea. Hakuhitaji. Alikuwa anachagua uzi.

"Ifunge, Mzee," Shambe alisema chini kwa chini. "Wanasogea."

Songoro alikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha. Shambe alishika kijiti cha lakiri juu ya kaa la tanuri. Matone mekundu yakadondoka, moja zito baada ya jingine, na Songoro akayakandamiza kwa mhuri wa ghala mpaka yakapoa.

Tarishi alikuwa anashuka mtaani kama kila alasiri, na mkoba wake wa ngozi. Alitoka ng'ambo ya mto, na hakujua kilichotokea. Alipokea bahasha, akaigeuza, akafungua daftari lake. Katika mji ule sahihi peke yake haikutosha, kwa kuwa sahihi iliweza kuibwa. Ilibidi mkazi mmoja wa mtaa, aliye hai, alitaje jina la mtumaji kwa sauti, la sivyo barua haikuondoka; na jina lililoingia daftarini Ofisi haikuweza kulikana.

"Haya, wenyeji," tarishi alisema. "Nani anatuma?"

Shambe alifungua kinywa, akakumbuka kwamba yeye si mkazi wa pale. Chande alitazama miguu yake. Yule mwanamke mwenye macho yaliyovimba alimtazama Songoro sawasawa, kama mtu anayetazama mahali palipowahi kuwa na kitu.

"Nauliza mara ya pili. Nani anatuma?"

Juu yao mabango yalijaa upepo, arobaini na manne, yakatoa mlio mmoja.

"Songoro," sauti ilisema kutoka mwisho wa mtaa. "Anaitwa Songoro. Msimamizi wa Mabango."

Hakuna aliyegeuka. Watu wote walibaki kama walivyokuwa, shingo zimekakamaa, kama watu wasiosikia kitu. Katibu aliinua macho kwenye uzi kwa mara ya kwanza.

Tarishi alinyoosha shingo juu ya vichwa vyao. "Nani amesema?"

"Mimi." Bi Mwajabu alikuwa amesimama nyuma ya rundo la matofali.

"Jina lako, mama?"

Midomo yake ilitafuta, kama mkono unaotafuta kitu ndani ya chungu kirefu. Tarishi alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akangoja, kwa kuwa kungoja majibu ya watu ndiyo kazi yake.

"Mwajabu," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Mwajabu."

"Nimekusikia, mama. Ahsante."

Tarishi aliandika majina yote mawili, moja chini ya jingine, akafunga daftari. Akaitia barua mkobani, akavuta kamba ya mkoba, akaenda zake katikati ya nguzo, na watu walimpisha.